Kurasa Alizoziruka Spika

Mji mzima ulimwita Spika, na mwenyewe alikuwa ameshalizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina lake halisi aligeuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Kazi yake ilikuwa kutangaza mabasi pale stendi. Alikaa ndani ya kibanda cha mabati kilichobandikwa juu ya ofisi ya tiketi, kipaza sauti mbele yake, chupa ya maji ya uvuguvugu kando, na tangu basi la kwanza mpaka la mwisho sauti yake ndiyo iliyowapandisha watu na kuwashusha. Ilikuwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, yenye kumfanya msikilizaji aamini. Madereva walikuwa wakiapa kwamba Spika akishasema basi linaondoka, hata asiye na safari hujipapasa mfukoni kutafuta tiketi. Mtoto akipotea, aliletewa yeye. Msiba ukitokea, karatasi ya tangazo ililetwa kwake. Na mke akigombana na mumewe pale stendi, alimtishia: "Niache, la sivyo nampelekea Spika akutangaze!"

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akaondoka siku moja na mzigo wa mahindi na hakurudi. Hakufa, alinogewa tu huko alikokwenda. Hawakuwa na mtoto. Spika alilia mpaka akachoka kulia, akafunga virago, akarudi kwa baba yake kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana.

Baba yake walimwita Fundi. Mafundi seremala walikuwa wengi, lakini ukisema Fundi hukuulizwa yupi. Nusu ya milango ya mji ule ilitoka mikononi mwake, na majeneza yake yalikuwa hayana idadi. Alikuwa mashoto. Nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto, misumari akaibana midomoni, na huku akipigilia alighuna wimbo usio na maneno, puani, kama mtu anayembembeleza mtoto. Watu walimtania: "Fundi, iko siku utapiga chafya utoboke utumbo." Kwa miaka ya karibuni macho yalikuwa yamemwingia ukungu, akabaki kutengeneza vigoda na meza ndogo, akifanya kazi kwa kupapasa.

Maisha yao yalikwenda hivyo hadi kitabu kilipoingia mjini.

Ili kukielewa kitabu ni lazima ulijue ghala. Kando ya kile kilichokuwa kiwanda cha pamba lilikuwapo ghala kubwa la matofali. Wazee walisimulia kwamba kabla Spika hajazaliwa uliingia ugonjwa wa kutapika na kuhara, ukawapiga zaidi vibarua wa kiwandani, watu wa kuja wasio na ndugu mjini. Mji ukawakusanya ghalani ukawauguza kwa moyo mmoja mpaka wa mwisho alipokata roho. Hivyo ndivyo watoto walivyofundishwa shuleni. Ukutani palikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa: HAPA MJI HUU ULIMHUDUMIA MGENI. Watu walijivunia kile kibao kuliko hospitali yao, ambayo haikuwa na dawa.

Kitabu kilisema vingine. Aliyekiandika alikuwa binti wa Mkunga, mama mmoja aliyezalisha mji mzima kabla ya kuhama na bintiye kwenda mbali. Ilikuwa riwaya, majina yote ya kubuni, mji wenyewe haukutajwa, lakini maneno ya kibao yalikuwamo vilevile yalivyo. Humo vibarua hawakuuguzwa. Walifungiwa, wagonjwa kwa wazima, mlango ukapigiliwa misumari kwa nje, na ulipofunguliwa hapakuwa na wa kuhudumiwa tena.

Gazeti liliandika habari za kitabu hicho, redio ikasoma kipande, na mji ukawaka. Walioguswa zaidi walikuwa wale ambao hawakukisoma, yaani karibu wote. "Ametuita wauaji!" ndilo neno lililozunguka sokoni, kwenye vinyozi, kwenye foleni ya maji. Duka lililoleta nakala chache lilivunjwa vioo, nakala zikachomwa barabarani. Nyumba aliyozaliwa mwandishi ilipakwa kinyesi ukutani, ingawa sasa ilikaliwa na familia nyingine kabisa, watu wa kupanga, ambao walisugua kuta zao huku wakiuliza mwandishi ni nani.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu mnene wa upole, mwenye kulimiliki lile ghala siku hizi. Lilikuwa limejaa saruji yake. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanda enzi zile. Kamati ikaenda ofisi ya wilaya kudai kitabu kipigwe marufuku. Afisa wa huko akawaambia serikali haifanyi kazi kwa kelele: walete kurasa, waonyeshe matusi yako wapi.

Hapo ndipo walipokwama. Kitabu kilikuwa kinene, wazee wengi wa kamati macho yao yalikuwa mabovu, na nakala zote walikuwa wameshazichoma. Ikabidi dereva mmoja wa basi aagizwe kwa siri akanunue nyingine katika mji mkubwa.

Mwenyekiti alipanda mwenyewe ngazi za kibanda, akihema.

"Shikamoo, mzee," Spika akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na ombi la wazee wako. Tunataka utusomee."

"Nisome nini?"

Akamtolea kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wa saruji, kama mtu anayebeba nyoka.

"Mimi si natangaza mabasi tu, mzee?"

"Ndiyo maana. Wewe ukisoma hata kiziwi atasikia. Soma tu. Kukasirika tuachie sisi."

Walikutana shuleni alasiri, mabasi yakishapungua. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika vidarini. Katibu, mwalimu mstaafu, alikuwa tayari na kalamu kuandika kila ukurasa wenye tusi, na siku ya kwanza hakupumua.

"Andika hapo!" mzee mmoja alidakia. "Kasema mji una vumbi."

"Vumbi ni tusi?" Katibu akauliza.

"Inategemea mtu kalisema kwa sauti gani. Spika, rudia."

Spika akarudia. Wakabishana hadi wakacheka wenyewe.

Lakini siku zilivyosonga, vicheko vikapungua, na kelele za "andika hapo" zikapungua pia. Katika kitabu kulikuwa na kibarua kijana aliyelala kwenye gunia na kila jioni akamwimbia mwenzake mgonjwa. Mama muuza mkaa, aliyeingizwa kamatini kwa sababu ya mdomo wake mkali, siku Spika alipofunga kitabu alisema kwa hasira, "Sasa ndiyo unaishia hapo? Amepona au hakupona?" Mwenyekiti akamkata jicho. Nje ya madirisha watu walianza kusimama, mwanzo wawili watatu, kisha umati, kimya, wameegemea ukuta. Spika hakukusudia jambo lolote. Alikuwa akisoma kama alivyozoea kusema, bila haraka, na sauti yake ikafanya kazi yake.

Kila alipomaliza alikibeba kitabu nyumbani apitie maneno magumu ya kesho. Jioni moja alikaa mlangoni na taa, baba yake yuko karakana anapigilia miguu ya kigoda. Akafungua palipofuata, akaanza kusoma kwa macho.

Palikuwa na seremala. Kijana, ndiyo kwanza ameoa. Msimamizi anamwita ghalani, anamwonyesha mlango, anamwambia apigilie. Seremala anauliza, "Na waliomo?" Msimamizi anajibu kwamba hilo si swali la fundi. Basi seremala anabana misumari midomoni, anashika nyundo kwa mkono wa kushoto, na anapigilia huku akighuna wimbo puani ili asisikie mengine.

Spika alisoma hadi mwisho wa sura, kisha akabaki ameshika kitabu. Kutoka karakana ulikuja mlio wa nyundo, na chini yake ule wimbo. Angeweza kuinuka na kuuliza. Hakuuliza. Alimwita baba yake akanawe, wakala, wakazungumza habari za mvua.

Kesho yake alisoma mpaka msimamizi anamwita seremala. Pale akalowesha kidole, akafunua kurasa kadhaa kwa pamoja kama mtu anayeachanisha karatasi zilizogandana, akaendelea mbele. Akaomba maji. Hakuna aliyegundua.

Madai ya kamati yakaenda wilayani. Afisa, ambaye kumbe alikisoma kitabu chote kwa utulivu wake, akamwita Mwenyekiti akamuuliza kwa mshangao: "Mbona kubwa kuliko yote mmeliacha? Huyu seremala mashoto?" Katibu, aliyefuatana naye, akapekua nakala ya afisa, akazikuta kurasa.

Walikuja karakana asubuhi ya Jumamosi, Mwenyekiti na Katibu, wamevaa kama watu wanaokwenda msibani. Spika alikuwa akifagia maranda. Fundi alikuwa kazini, misumari mdomoni. Alisikia sauti zao akawaitikia kwa kichwa.

"Fundi," Mwenyekiti akaanza, "hatukuja kukuuliza ulifanya nini. Ulifanya ulichoagizwa, na baba yangu alikushukuru mpaka anaingia kaburini. Tumekuja kukuuliza jambo moja. Ulimwambia nani?"

Spika alisimamisha ufagio. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Kumbe walijua. Muda wote waliokaa kwenye yale madawati wakipiga kelele kwamba ni uongo, walijua.

Fundi alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akailaza juu ya meza.

"Mkunga," alisema.

"Lini?"

"Siku alipozaliwa huyu." Akaelekeza kidevu kule ulikosikika ufagio. "Mama yake alikuwa ndani analia kwa uchungu, mlango umefungwa. Nikashindwa. Mtu analia nyuma ya mlango, nami nimesimama nje. Mkunga alipotoka nikamwambia."

"Basi umetuuza," Mwenyekiti alisema taratibu.

Katibu akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba yeye Fundi hakuwahi kupigilia mlango wowote wa ghala, na kwamba Mkunga alikuwa mtu wa kuzusha. Ilibaki alama ya kidole tu.

Fundi aliipapasa ile karatasi kama anayepima ulaini wa ubao. "Mlango si ulikutwa umepigiliwa? Nani aliupigilia, upepo?"

"Mzee, usitufanyie utani."

"Sifanyi utani. Mkitaka kusema mlikuwa hamjui, semeni. Mimi nilikuwapo."

Mwenyekiti akamgeukia Spika. "Na wewe ulikuwa unajua. Ulituruka tukaenda kuumbuka mbele ya serikali."

"Niliruka mzee wangu apumzike," Spika alisema.

"Ungetuambia kitabu kimeishia hapo. Tungefurahi," Katibu akanong'ona, na haikujulikana kama anamlaumu au anamwonea huruma.

Karatasi iliondoka bila alama ya kidole, na kuanzia wiki ile vigoda vilianza kurudi. Watu walivishusha mbele ya karakana bila kubisha hodi. Aliyefiwa alikwenda kutafuta jeneza mji wa jirani. Dukani, Spika akisalimu aliitikiwa na rafu. Na mkuu wa stendi alipanda ngazi za kibanda akiwa ameangalia miguu yake.

"Dada, si mimi."

"Najua si wewe."

"Abiria wanalalamika. Wanasema hawawezi kupanda basi kwa sauti iliyowatukana."

"Mimi niliwatukana?"

"Wanasema ulikisoma kwa utamu. Kwamba mtu asiyeamini hasomi vile."

Spika akazima kipaza sauti, akachukua chupa yake ya maji, akashuka. Siku hiyohiyo akawekwa kijana mwenye kupayuka, na mabasi yakaendelea kuondoka kama kawaida. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Kisha likaja la alfajiri. Spika aliamshwa na vishindo vya nyundo mlangoni mwao. Alidhani anaota. Akainuka, akavuta mlango, ukagoma. Huko nje watu walikuwa wakicheka kwa kujizuia, wale vijana wa mtaani aliowatangaza walipopotea wakiwa watoto. Alimgeukia baba yake. Fundi alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea kule zinakotoka sauti.

"Anapiga vibaya," alisema. "Hajatoboa kwanza. Ubao utapasuka."

Halafu akaanza kutetemeka. Ilianza mikono, yakafuata mabega, mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Spika alimfunika shuka, akamshika, ikawa kama kushika mashine inayonguruma. Vishindo vilipokoma alipanda juu ya meza, akatokea dirishani, akang'oa misumari kwa nyundo ya baba yake. Majirani walitazama kutoka barazani kwao. Hakuna aliyesogea.

Baada ya siku ile Fundi hakurudi kazini. Alikula akilishwa, akawa anasinzia akizinduka. Mchana mmoja, Spika akimkanda miguu, alimwambia, "Nisomee."

"Nikusomee nini, baba?"

"Pale pangu."

Kitabu kilikuwa chini ya godoro. Kamati haikukumbuka kukidai. Spika alikaa pembeni ya kitanda akasoma kurasa zote alizoziruka, kwa sauti ya chini. Alipofika seremala anapomaliza msumari wa mwisho na ndani ya ghala pako kimya, baba yake aliinua mkono.

"Hapo kakosea."

"Wapi?"

"Hapakuwa kimya. Waliniita. Nilikuwa nimewatengenezea vitanda wale, walinifahamu. Walikuwa wanaita, 'Fundi, umetusahau humu. Fundi, sisi tumo.' Walidhani sikujua kuna watu." Alipumua kidogo. "Walikuwa wananieleza kwa heshima. Wanaomba radhi kunisumbua."

Nje bodaboda ilipita, ikafuatwa na nyingine.

"Mkunga hukumwambia hilo?"

"Lile sikuweza."

"Na katika kitabu seremala aliishia wapi?" akauliza mzee.

"Alihama. Alikwenda mbali, akaacha useremala."

"Mimi sikuhama," Fundi alisema. "Nilibaki nikawatengenezea milango." Akageukia ukutani.

Alifariki mwanzoni mwa mvua. Jeneza lake lilitoka mji wa jirani juu ya keria ya basi, na madereva wa stendi, watu wa kuja wasiokuwa na hisa katika ugomvi ule, ndio waliolibeba na kuchimba kaburi. Kwa wenyeji alikuja mama muuza mkaa peke yake. Alisimama kwenye tope mpaka mwisho, na alipoondoka alimshika Spika mkono bila kusema, akamwachia weusi wa mkaa kiganjani. Msiba huo haukutangazwa stendi.

Simu ya mwandishi ilikuja siku chache baadaye. Ilikuwa mara ya kwanza kusikiana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kabla ya kupiga.

"Dada yangu, nimesikia. Pole sana. Sijui niseme nini. Nilibadilisha majina yote, nakuapia. Nilidhani nimemficha."

"Ulimbadilishia jina," Spika alisema, "ukamwachia mkono."

"Mama yangu alimpenda sana baba yako. Alikuwa akisema katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyejutia."

"Labda mama yako angebaki na neno hilo mwenyewe."

"Ungetaka nisiandike?"

Spika alilifikiria swali lile kwa haki. Alimwona kijana wa kwenye gunia akiimba. Aliona watu wameegemea kuta za shule wakisikiliza. Alimwona baba yake anatetemeka kitandani.

"Sijui," alijibu. "Kwa kweli sijui. Ila usije huku."

"Kabla hajafa... alisema chochote? Kuhusu siku ile?"

Spika alitazama kitanda chenye godoro lililokunjwa. Maneno yote yalikuwapo mdomoni, neno kwa neno, na hakuna mtu duniani ambaye angeyasema vizuri kumshinda.

"Hakusema kitu," alisema, akakata simu.

Kitabu kilikatazwa kuuzwa na kusomwa shuleni katika wilaya ile. Kwingine kote kinasomwa, nasikia kimechapwa tena. Mara mojamoja hushuka stendi watu wenye nakala mkononi, wakaulizia liliko ghala, wakapiga picha kibao cha shaba, wengine wakauliza kama kuna mtu wa ukoo wa yule seremala. Huambiwa hakuna.

Spika hakuhama. Karakana aliigeuza kuwa mahali pa kupigia nguo pasi, meza ya baba yake akaitandika blanketi juu. Mwanzo hakupata mteja. Baadaye walianza kuja, kimyakimya, kwa sababu hakuna aliyenyoosha mikunjo kama yeye. Hawapigi soga. Wanatoa nguo, wanataja siku ya kuzifuata, wanaondoka. Mashati ya Mwenyekiti nayo huletwa na mfanyakazi wake kila Ijumaa, na Spika huyanyunyizia maji, huanza na kola, kisha mikono.